Maneno ya Bahari ya Kati katika Soko la Kariakoo

Katika mji wa Dar es Salaam, karibu na viwanja vya Mnazi Mmoja, iko kata iitwayo Mchafukoge, na jirani zake ni Kariakoo na Gerezani. Mswahili alisikiapo jina la Mchafukoge hana haja ya mkalimani, maana lasikika kama amri ya mzazi: aliye mchafu na akoge. Maneno yote mawili ni ya kwetu. Lakini mtu akitaka kuitii amri hiyo yampasa kupata maji na sabuni. Maji ni neno la Kibantu, ndugu wa maneno ya lugha nyingi za bara. Sabuni tumelipata kwa Waarabu. Waarabu walilipata kwa watu wa Shamu, na hao kwa Wayunani na Warumi, waliosema sapo. Tena Warumi wenyewe si wazazi wa neno hilo. Mwandishi wao Pliny, aliyekufa mwaka 79 baada ya Kristo, aeleza kwamba kitu hicho kilibuniwa na Wagali, wenyeji wa nchi ambayo leo ni Ufaransa, waliokitengeneza kwa mafuta ya wanyama na majivu, wapate kutia nywele zao wekundu.

Nia yetu katika makala haya ni kuonyesha jinsi nchi zilizoizunguka Bahari ya Kati, ndiyo iitwayo Mediterania, zilivyoacha urithi katika mji wetu, si kwa majengo, bali kwa maneno yasemwayo kila siku na wachuuzi, wapagazi na wanunuzi. Tumelichagua soko kwa sababu sokoni watu hawasemi kwa kujionyesha elimu. Husema ili wauze na wanunue. Tena jambo hili lina uzito kwa waalimu. Yako mabishano ya tangu zamani juu ya maneno ya kigeni katika Kiswahili, na mara nyingi mtoto wa shule huambiwa kwamba lugha yake ni ya Kibantu, ila imekopa kwa Waarabu. Neno hilo si uongo, lakini ni nusu ya khabari, na nusu ya khabari huweza kumpoteza msikiaji.

I. Nchi na njia zake

Jina la Mediterania ni la Kilatini, na maana yake ni iliyo katikati ya nchi. Kaskazini mwa bahari hiyo ziko Uhispania, Ufaransa, Italia na Uyunani, ambayo siku hizi huitwa Ugiriki. Mashariki iko Uturuki na nchi za Shamu. Kusini ziko Misri, Libya, Tunisia, Algeria na Moroko. Kwa hiyo pwani yake ya kusini nzima ni pwani ya Afrika, nayo si bahari ya Wazungu peke yao. Upande wa magharibi ina mlango mwembamba wa kutokea katika Bahari ya Atlantiki. Upande wa Bahari ya Sham haikuwa na mlango wa kudumu hata ulipofunguliwa mfereji wa Suez mwaka 1869.

Hali hiyo ya nchi ndiyo iliyoamua njia ya biashara. Bidhaa za Warumi na Wayunani zilipakuliwa Misri, zikapanda mto Naili hata Koptos, zikavushwa jangwani kwa ngamia mpaka bandari za Berenike na Myos Hormos, na huko zikapakiwa upya. Kutoka hapo vyombo vilishuka mpaka mlango wa Bab el Mandeb, vikangoja pepo. Msomaji wa pwani azijua pepo hizo: kaskazi iletayo majahazi kwetu, na kusi iyarudishayo.

Tunacho kitabu kidogo cha karne ya kwanza baada ya Kristo kinachosimulia safari hizo, kilichoandikwa kwa Kiyunani na mfanya biashara wa Misri ambaye hatumjui jina. Huitwa Periplus, yaani mzunguko wa bahari. Mwandishi huyo aiita pwani yetu Azania, na soko la mwisho analiita Rhapta, jina litokanalo na neno la Kiyunani la kushona, kwa sababu vyombo vya huko vilikuwa vya mbao zilizoshonwa kwa kamba. Wazee wa Lamu waliona vyombo vya namna hiyo, yaani mitepe, hata karne ya ishirini. Kutoka Rhapta zilitoka pembe za ndovu, pembe za vifaru na magamba ya kasa. Vikaingia mikuki, mashoka, majambia na vyombo vya kioo. Divai na ngano zililetwa pia kidogo, si kwa kuuza, bali kwa kupendeza wenyeji.

Mahali hasa pa Rhapta hapajulikani bado. Wengi wameitafuta kando ya mto Rufiji, na Felix Chami, mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alitangaza mwaka 1999 shanga za kioo za Kirumi zilizopatikana katika nchi hiyo. Lakini kwa hoja yetu liko jambo moja katika Periplus lipitalo hata shanga. Mwandishi asema ya kuwa manahodha waliotumwa kwenda Azania walikuwa Waarabu wa Muza, bandari ya Yemeni, waliozoeana na wenyeji, wakaoa kwao na kuijua lugha yao. Hapo twauona mlango wa kwanza wa maneno. Myunani hakulileta neno lake mwenyewe mpaka Rufiji. Alimpa jirani yake, jirani akampa mwenzake, na wa mwisho kulipokea ndiye aliyekuwa na mke pwani.

II. Mlango wa pepo za msimu

Maneno yaliyoingia kwa mlango huu yaliendelea kuja karne nyingi. Iskanderi aliitwaa Misri mwaka 332 kabla ya Kristo, na tangu hapo Kiyunani kikawa lugha ya serikali na biashara huko na katika Shamu. Waarabu walipozitwaa nchi hizo katika karne ya saba baada ya Kristo, walikuta madaftari, vipimo na sarafu vyenye majina ya Kiyunani na Kirumi, nao hawakuona haja ya kuyatupa. Dinari ni denarius ya Warumi. Dirhamu ni drakhme ya Wayunani, iliyopitia Uajemi. Hata fulusi, neno ambalo wazee walilitumia kwa fedha, ni follis, jina la sarafu ya Warumi. Masultani wa Kilwa walipopiga sarafu zao za shaba, walikuwa wakifuata desturi hiyo ndefu; na Ibn Battuta, aliyezaliwa Tangier karibu na mlango wa Bahari ya Kati, alipofika Kilwa mwaka 1331, alifika mahali ambapo biashara yake isingekuwa ngeni kwa mtu wa kwao.

Tutazame sasa vipimo. Kabla ya kilo kuenea, vitu vilipimwa kwa ratili na wakia. Wakia ilikuwa uzito wa reale moja ya fedha, na wakia 16 zilifanya ratili 1. Wakia ni uncia ya Warumi, maana yake sehemu moja katika 12. Kwetu imekuwa moja katika 16, na jina halikubadilika. Ratili ni litra, kipimo cha uzito cha Wayunani, ambacho herufi zake ziligeuzwa mahali katika vinywa vya watu wa Shamu kabla hazijafika kwa Waarabu.

Nauli nayo ni naulon ya Kiyunani, ujira wa kupakiwa chomboni. Kandili ni candela ya Kilatini. Kalamu ni kalamos, yaani tete, na kanuni ni kanon, fimbo iliyonyoka ya kupimia. Almasi, zumaridi na yakuti, mawe ambayo sonara huyaweka nyuma ya kioo, yote matatu yana majina yaliyotamkwa kwanza na Wayunani kwa namna yao. Kuna tena neno kalafati, ambalo mafundi wa majahazi hulitumia kwa pamba ya kuzibia nafasi za mbao, na kwa tendo lenyewe. Neno hili limo katika vinywa vya mabaharia wa Uturuki, Uyunani, Italia na Uarabuni, na wataalamu hubishana ni nani aliyeanza. Kwetu yatosha kwamba fundi wa Kiswahili alisemapo amekikalafati chombo, fundi wa Venice angemwelewa.

Hata hivyo yapasa kutahadhari. Neno kanisa hudhaniwa na wengi kuwa ni ekklesia ya Kiyunani, kwa kuwa yafanana kidogo. Lakini asili yake ni Kiarami, maana yake mkusanyiko. Soko ni la lugha za Kisemiti, na pesa imetoka Uhindi. Sukari nayo ilitoka Uhindi, ikapitia kwa Waarabu, na kutoka kwao ikaenda njia mbili: moja mpaka Sicily na Uhispania, nyingine mpaka kwetu. Mfanano wa sauti peke yake si ushahidi. Ni lazima kuijua njia.

III. Mlango wa Wareno

Mlango wa pili ulifunguliwa na Vasco da Gama, aliyepita Mombasa na Malindi mwaka 1498. Ureno haikupakana na Bahari ya Kati, lakini lugha yake ni binti wa Kilatini, na mambo yake mengi ni ya jamii moja na ya Italia na Uhispania. Ngome ya Yesu ya Mombasa, iliyoanzwa mwaka 1593, ilichorwa na Giovanni Battista Cairati, Mwitalia wa Milano. Wareno waliondolewa ngomeni mwaka 1698 na Waarabu wa Omani, lakini maneno yao hayakuondolewa. Meza ni mensa ya Kilatini. Mvinyo ni vinum. Leso ni linteum, kitambaa cha kitani. Na anayepita leo katika maduka ya Mtaa wa Uhuru, ulioitwa zamani Kichwele, ataziona leso na kanga zimetundikwa mlangoni toka juu hata chini.

La ajabu kuliko yote ni gereza, nalo ndilo lililolipa jina Gerezani, mtaa wa jirani. Wareno huiita nyumba ya ibada igreja, nalo ni ekklesia ya Kiyunani, mkutano wa watu walioitwa. Ngomeni mlikuwa na kanisa lao, mlikuwa na askari, na baadaye mlikuwa na wafungwa. Wenyeji waliotazama kuta zile kwa nje wakalitumia jina moja kwa yote yaliyokuwamo, hata mwisho ikabaki maana ya kifungo tu. Hivi neno lililokosekana katika kanisa tumelipata katika gereza. Msomaji asicheke haraka. Neno limehifadhi khabari ya jinsi watu wa pwani walivyoiona ile nyumba ya wageni: walijua kilichoimbwa ndani, lakini kilichowagusa wao kilikuwa ni ukuta na kufuli.

IV. Mlango wa mfereji na wa vita

Sayyid Majid wa Unguja alianza kujenga Dar es Salaam katikati ya miaka ya 1860, na mfereji wa Suez ukafunguliwa mwaka 1869. Kwa hiyo mji wetu na mfereji huo ni karibu marika. Merikebu za moshi ziliweza sasa kutoka Marseille na Napoli moja kwa moja mpaka pwani yetu, pasipo kupakua Misri wala kuzunguka Afrika kusini. Pamoja nazo ukaja utawala wa Wajerumani, na mwaka 1916, katika vita vile vikuu, Waingereza waliutwaa mji.

Waingereza waliwaweka wapagazi wa jeshi lao mahali ambapo Wajerumani walikuwa wamejenga jengo la soko. Kikosi hicho kiliitwa kwa Kiingereza Carrier Corps, na wenyeji wakatamka Kariakoo. Tukilipasua jina hilo twakuta ndani yake maneno mawili yaliyopitia Ufaransa kutoka Kilatini: carrus, gari la mizigo, na corpus, mwili. Sisi hatuwezi kulipita neno la pili upesi. Maelfu ya watu walichukuliwa katika vijiji vya nchi hizi kubeba mizigo ya majeshi, na wengi walikufa njiani kwa njaa na maradhi, bila kaburi lenye jina. Jina la soko ni ukumbusho wao, ijapokuwa anayelitaja kila siku hakumbuki. Soko la sasa, lililochorwa na Beda Amuli, lilifunguliwa mwaka 1975. Likaungua Julai 2021, na katika muda wote huo hakuna aliyefikiri kubadili jina.

Kwa mlango huu yameingia maneno ambayo vijana huyaona kuwa ya Kiingereza tu. Kilo ni khilioi, elfu, kwa Kiyunani. Mita ni metron, kipimo. Majina haya yalitungwa na Wafaransa mwishoni mwa karne ya kumi na nane. Senti ni centum, mia. Basi lichukualo abiria ni kipande cha omnibus, neno la Kilatini lenye maana ya kwa ajili ya wote. Konda ni conductor, kiongozi. Basi, konda anapodai nauli, Mrumi amdai abiria ujira wa Myunani, na wote wawili wasema Kiswahili.

V. Ndugu wasiojuana

Twafikia sasa kiini cha hoja yetu. Yako maneno yaliyoingia kwetu zaidi ya mara moja, kila mara kwa mlango wake, nayo hukaa pamoja sokoni bila kutambuana. Litra ya Wayunani ilikuja na Waarabu, ikawa ratili, kipimo cha uzito. Ikaja tena na Wazungu, ikawa lita, kipimo cha mafuta na maziwa. Uncia ilikuja ikawa wakia. Ikaja tena ikawa aunsi. Lakini mfano mkubwa ni khartes. Hilo ni jina ambalo Wayunani waliupa ukurasa wa mafunjo yaliyoota kando ya Naili, mto ambao maji yake hutoka pia katika ziwa letu la Nyanza. Kwa mlango wa Waarabu khartes imekuwa karatasi. Kwa mlango wa Wareno imekuwa karata. Kwa mlango wa Waingereza imekuwa kadi. Mchuuzi afungaye dagaa kwa karatasi, vijana wachezao karata kivulini, na mgeni aulizwaye kadi yake ya harusi, wote wameshika neno moja.

Sasa turudie yale mabishano. Karl Roehl, mmisionari wa Kijerumani, alipotoa Agano Jipya kwa Kiswahili mwaka 1930 na Biblia nzima mwaka 1937, alijitahidi kupunguza maneno ya Kiarabu na kuweka ya Kibantu mahali pake, ili watu wa bara waelewe. Nia hiyo si mbaya, na hata leo wako wenye nia ya namna hiyo kwa sababu nyingine. Lakini twauliza: neno la Kiarabu ni lipi? Injili lahesabiwa kuwa la Kiarabu, nalo ni euangelion, khabari njema, kwa Kiyunani. Askofu ni episkopos, mwangalizi. Tukimfukuza karatasi kwa kuwa ni mgeni, je, karata na kadi, ambao ni ndugu zake wa tumbo moja, watakaa kwa haki gani? Na sabuni tutamrudishia nani: Mwarabu, Mrumi, au Mgali?

Hatusemi kwamba kila neno lipokewe. Muuzaji asemaye kastoma, hali mteja yupo, amejifanya maskini katika nyumba yenye akiba. Twasema tu kwamba ukabila wa neno haujulikani kwa umbo la uso wake, na kwamba kazi ya kulifanya la kwetu ilifanywa na wenyeji wenyewe. Vinho lilivaa kiambishi likawa mvinyo. Igreja lilipunguzwa mwanzo, likapewa wingi, tukapata magereza. Kalafati liliingia katika unyambuaji, na chombo hukalafatiwa. Msikilize mwuza mchele: atapima kilo moja kwa mizani. Kilo ni ya Kiyunani na mizani ni ya Kiarabu, lakini kitendo, hesabu, na viambishi viungavyo sentensi nzima ni vya Kibantu. Wageni wamekaribishwa, na mwenye nyumba ndiye apangaye viti.

Mtoto afundishwapo hivi hatajiona mdaiwa. Atajua kwamba mababu zake walikuwa na soko lililotajwa katika kitabu cha Wayunani, na kwamba waliuza pembe za ndovu wakanunua kioo. Ndimi zao nazo zilichagua maneno yaliyowafaa katika kazi zao. Atajua pia, kwa jina la Kariakoo, kwamba si kila neno lililetwa na biashara ya hiari.

Kazi iliyobaki ni kubwa, na haiwezi kufanywa na waalimu wa mjini peke yao. Maneno ya mabaharia na ya mafundi wa majahazi yanapotea pamoja na vyombo vyenyewe. Kadhalika ya masonara, ya washona matandiko, na ya wapimaji wa zamani waliotumia ratili na pishi. Wasomaji wetu wa Bagamoyo, Kilwa, Mafia, Pangani na Lamu, wakaao karibu na wazee wa kazi hizo, twawasihi wayaandike maneno hayo pamoja na maana zake kamili, wataje mahali yalipotumika na kifaa kilichotajwa, wala wasikisie asili kwa mfanano wa sauti. Asili itafutwe baadaye, baada ya neno lenyewe kuwekwa salama.